Mstari Unaokatika Hewani

Kwanza tukubaliane kuhusu ukubwa. Ukiuona mchoro wa Sesshu Toyo uitwao Mandhari ya Majira ya Baridi kwenye simu, utadhani ni kitu cha kufunika ukuta mzima. Una genge, una milima, una jengo lenye mapaa, una mbingu. Lakini wenyewe una upana wa kama sentimita 29 na urefu wa kama sentimita 47. Chukua karatasi ya A3, ile wanayochapishia mabango ya kesha pale steji, iongezee vidole vitatu hivi kwenda juu, hapo umeupata. Nasema haya mapema kwa sababu watu wengi wanaouandikia huanza na neno "ukuu", na mimi naona nguvu yake inaanzia kwenye udogo. Kila kitu kilichomo kimebanwa. Mawe yamesukumana, miti imeingiliana na mawe, jengo limekabwa na miamba. Halafu bado watu wanauita mchoro wa utulivu.

Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia, na si ugomvi na Sesshu. Ni ugomvi na lile blanketi la maneno ambalo michoro ya aina hii imefunikwa nalo: amani, utupu, zen, vuta pumzi, achilia. Umeyaona. Programu ya simu ya kutafakari inakupa mlima mweupe na ukungu kidogo. Mkahawa unaouza kikombe cha kahawa kwa bei ya chakula cha mchana cha watu watatu umetundika mduara mweusi wa brashi ukutani. Kuna matangazo ya nyumba za kupanga ambapo chumba kimoja kinaitwa "cha mtindo wa Kijapani" ili usiulize mbona hakina kabati. Baridi ya Japani imegeuzwa dawa ya kutuliza kichwa, na wanaouziwa ni watu waliochoka kama sisi. Sawa, kila mtu ana njia yake ya kupata usingizi. Lakini utazame huu mchoro mmoja kwa dakika kumi, bila ile filimbi ya nyuma, kisha uniambie kama umetulia.

Anzia chini. Kuna njia, na njiani kuna mtu. Amevaa kofia, amechorwa kwa mistari michache sana, na ukiweka ncha ya kidole chako kidogo juu yake anapotea kabisa. Watu wengi humwona mara ya pili au ya tatu, si ya kwanza. Anapanda. Pande zote zake kuna mawe yenye kona kali, na miti iliyopukutika majani ikabaki na vidole tu. Juu yake kuna yale mapaa ya jengo, pengine hekalu, na bila shaka ndiko anakokwenda, kwa sababu hakuna kwingine kwa kwenda. Sasa jaribu kumfikisha. Fuatisha kwa jicho. Kati ya mtu na mapaa kuna miamba iliyoshonana, na mahali fulani jicho lako italazimu liruke. Hakuna anayekuonyesha anapitia wapi. Unajikuta unapanda mchoro huu kama ngazi za jengo ambalo stima imepotea: hatua hii unaiona, ile inayofuata unaikisia, halafu unakuta umeshafika ghorofa nyingine na hujui umefikaje.

Mwamba wenyewe umechorwa kwa mapigo mafupi ya brashi iliyolazwa ubavu. Wachoraji wa China, ambako mtindo huu ulitoka, waliyaita mapigo ya shoka, na jina hilo halina chumvi. Brashi inashuka, inakata, inaondoka. Mtindo huu Sesshu aliurithi kutoka kwa wachoraji wa enzi ya Song ya Kusini, hasa Xia Gui, ambao Wajapani wa wakati wake waliwaheshimu sana. Ila kwa Xia Gui mapigo ya shoka yanayeyuka kwenye ukungu, unabaki na hewa nyingi ya kuvuta. Kwa Sesshu hayayeyuki. Yanabaki shoka.

Kisha unafika juu, na hapo kuna ule mstari.

Ni mstari mnene, mweusi kuliko karibu kila kitu kilicho jirani nao. Unaanza maeneo ya katikati, unapanda karibu wima, unayumba kidogo, unakunja kama mtu aliyeshtuka, unaendelea, na karibu na juu kabisa unakoma. Kando yake kuna vistari vifupi vinavyokatakata. Ukiutazama kwa haraka unasema: huo ni ukingo wa genge. Haya basi, genge hilo kilele chake kiko wapi? Hakipo. Ukuta wa jabali unapanda na kuishia hewani, kama sentensi ambayo mtu ameikatiza aliposikia hodi mlangoni.

Kuhusu mstari huu yameandikwa mengi, na mengine ni ya kuchosha. Kuna wanaoufurahia kwa sababu unawakumbusha sanaa ya kidhahania ya Ulaya ya karne ya 20, kana kwamba mtawa wa karne ya 15 alikuwa ameketi akingoja Picasso azaliwe ndipo aeleweke. Sifa ya namna hiyo ni tusi lililovalishwa suti. Sisi huku tunaijua vizuri, maana vinyago vya Afrika vimesifiwa hivyo hivyo kwa zaidi ya miaka mia moja: vizuri, kwa sababu vinafanana na kitu fulani kilichochorwa Paris.

Mimi nauona mstari ule kwa njia ya kawaida zaidi. Tatizo la Sesshu pale lilikuwa la kikazi. Upande huu wa mstari kuna mwamba mweupe, kwa sababu una theluji. Upande ule kuna hewa nyeupe na milima myeupe ya mbali, kwa sababu nako kuna theluji. Weupe mbili zimekutana na hazina tofauti yoyote ya rangi. Usipoweka mpaka, genge linayeyuka na mchoro unabaki nusu. Ukiweka mpaka kamili hadi kileleni, unapata kitu kama ramani. Kwa hiyo ameuweka hadi pale unapohitajika, akauachia. Juu ya hapo wingu au theluji imeshalimeza genge, na jicho linakubali. Ajabu ni kwamba jicho linakubali bila kuridhika. Kila nikirudi pale juu, nalitafuta lile genge tena.

Na theluji yenyewe haijachorwa. Hili ndilo jambo ambalo kwa mtu aliyezoea rangi za maji za shule au mafuta kwenye turubai linachukua muda kuingia. Wino hauna rangi nyeupe. Mchoraji wa mafuta akitaka theluji atafinya tyubu ya rangi nyeupe, aipake juu ya kitu kingine, na asipopendezwa anakwangua na kupaka upya. Mchoraji wa wino hana hiyo. Alichofanya Sesshu ni kuipaka mbingu kijivu hafifu, akazunguka maumbo ya milima, na pale alipokataa kupitisha brashi ndipo penye theluji. Theluji ni karatasi iliyoachwa. Maana yake ni kwamba kabla hajagusa chochote, lazima awe ameshajua hatagusa wapi. Wino ukishaingia kwenye karatasi hautoki, haufutiki, hausameheki. Sasa niambie utulivu uko wapi katika kazi ya namna hiyo. Mimi naona mtu aliyebana pumzi.

Huo wino ni masizi, kwa njia. Unachoma mafuta ya mimea, au vipande vya msonobari wenye utomvu, unanasa moshi, unakusanya masizi, unayakanda na gundi inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama, unayasindilia kwenye kibao cha umbo mpaka yawe kipande kigumu kama kipande cha sabuni, kisha unakikausha kwa muda mrefu. Mjini Nara kuna duka la Kobaien linalotengeneza wino tangu mwaka 1577. Masizi yao hukusanywa kutoka kwa taa ndogo za mafuta zilizopangwa kwa safu ndani ya chumba cha giza, kila moja na utambi wake, na juu yake kifuniko cha kukinga moshi. Mtu yeyote aliyewahi kusoma kwa koroboi anaujua ule weusi. Ni laini, unashika puani, unachora duara kwenye mabati, na ukiugusa unapaka kidole kwa siku nzima. Mchoraji anasugua kile kipande juu ya jiwe lenye maji, na hapo hapo ndipo anapochagua rangi zake zote: maji kidogo, weusi mzito wa ule mstari, maji mengi, ile mbingu. Baridi yote unayoiona pale imetoka kwenye moto. Sitaki kulifanya jambo hili kuwa la kishairi kupita kiasi, lakini ni kweli.

Nina shida nyingine ndogo, ya lugha. Kiswahili kina neno theluji, tumelipata kutoka Kiarabu, na tunalo bila tabu kwa sababu tuna Kilimanjaro na tuna Mlima Kenya. Lakini majira yenyewe tunayaitaje? Kamusi nyingine zitakupa "kipupwe". Muulize mtu wa Pwani kipupwe ni nini. Atakuambia ni ule wakati baada ya masika, kuanzia Juni hivi, upepo ni mzuri, joto limepungua, watu wanalala vizuri. Kipupwe ni raha! Ukimwambia yule mtu wa Sesshu kwamba yuko kwenye kipupwe, atakutupia kofia. Ndiyo maana nimeandika "majira ya baridi" kila mahali, ingawa ni maneno marefu yasiyo na ladha. Nadhani tafsiri ile ya kipupwe inafanya kosa lile lile la programu za kutafakari: inachukua baridi inayoweza kuua na kuifanya kuwa hali ya hewa ya kupendeza.

Sasa, huyu Sesshu ni nani? Kwa kifupi, kwa sababu maisha yake yamezungukwa na hadithi. Alizaliwa mwaka 1420 katika jimbo la Bitchu, ambalo leo ni sehemu ya Okayama, akapelekwa kuwa mtawa akiwa mdogo. Ile hadithi ya mtoto aliyefungwa kwenye nguzo ya hekalu akachora panya kwa machozi yake, iliandikwa zaidi ya karne moja baada ya kifo chake, kwa hiyo ifurahie kama hadithi. Jina Sesshu huandikwa kwa herufi mbili: ya kwanza ni theluji, ya pili ni mashua. Aliishi Shokoku-ji, hekalu kubwa la Zen mjini Kyoto lililokuwa karibu na watawala, ambako Shubun, mchoraji aliyeheshimiwa kuliko wote wakati ule, alikuwa mwalimu wake. Ungedhani mtu aliyefika pale angebaki mpaka afe. Lakini katikati ya miaka ya 1450 aliondoka mji mkuu akaenda Yamaguchi, magharibi, chini ya ulinzi wa ukoo wa Ouchi, waliokuwa wakifanya biashara na China.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hiyo najua ninavyoipenda hadithi ya mtu anayeondoka mahali pakubwa. Nitajizuia. Sesshu hakuwa mwasi. Mwaka 1467 alipanda meli za ujumbe wa biashara uliokwenda China ya Ming, akafika mpaka Beijing, akarudi mwaka 1469. Katika hekalu la Tiantong karibu na Ningbo alipewa cheo cha heshima, na cheo hicho hakukisahau kamwe. Mwaka 1496, akiwa na miaka 77 kwa hesabu ya Kijapani, bado alikuwa akiandika kwenye sahihi yake kwamba yeye ni wa kiti cha kwanza cha Tiantong. Karibu miaka thelathini baadaye! Kwa hiyo hata yeye alipenda vyeti. Ila kuhusu masomo yenyewe alikuwa mkweli kuliko wengi wanaorudi kutoka ng'ambo. Katika maandishi aliyoyaacha juu ya mchoro wa mwaka 1495 anaeleza kwamba alikwenda China kutafuta walimu, akawapata wachache wa maana, na safari hiyo ikamfanya awathamini zaidi waliomtangulia nyumbani, Josetsu na Shubun.

Alipokuwa mbali, nyumbani kulikuwa kunawaka. Vita vya Onin vilianza Kyoto mwaka huo huo wa 1467 na kuendelea hadi 1477, vita vya kugombea urithi wa madaraka vilivyopiganwa barabara kwa barabara mpaka sehemu kubwa ya mji ikawa majivu. Shokoku-ji yenyewe iliungua mwaka wa kwanza. Sesshu aliporudi alibaki sehemu za magharibi.

Sisemi mchoro wa baridi ni mchoro wa vita. Hauna askari, hauna moshi, na tarehe yake kamili haikuandikwa. Wahakiki wanaosoma kila mwamba kama jeraha wananichosha sawasawa na wale wa filimbi. Ninachosema ni kidogo zaidi. Mtu aliyeuchora alijua kwamba hekalu linaweza kuungua na kwamba mtu anaweza kupanda njia akakuta hakuna jengo juu. Ukijua hivyo, yale mapaa yaliyobanwa katikati ya miamba hayasemi tena "amani". Yanasema "bado yapo". Wahenga wetu walishaonya kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, na mara nyingi tunaitumia methali hiyo kwa ndoa na siasa, lakini sijawahi kuona kitu kinachoistahili kuliko karatasi hii.

Kuna mchoro wake mwingine ambao watu hupenda kuuweka juu ya huu, ule wa 1495 niliotaja, ulio na mtindo wa wino uliomwagika. Alimpa mwanafunzi wake Soen alipokuwa anaondoka kurudi nyumbani. Mabaka machache ya wino mwepesi, juu yake mabaka mazito kabla ya yale ya kwanza kukauka, na ghafla una kisiwa, miti, paa, mashua. Ni kazi ya kutisha kwa ustadi. Lakini mimi, kama ungenipa mmoja niende nao nyumbani, ningeuacha. Ule wa 1495 unanionyesha mkono wa fundi, na nafurahi, kama unavyofurahi kumwona mpishi wa chapati akiirusha hewani. Ule wa baridi unanionyesha mahali, na mtu ambaye hajafika. Ni wa pili unaonifuata barabarani.

Ukitaka kulinganisha theluji na theluji, Japani ina nyingi. Maruyama Okyo, mwishoni mwa karne ya 18, alichora misonobari yenye theluji kwenye jozi ya skrini za kukunja ambazo sasa ziko katika makumbusho ya Mitsui, Tokyo. Naye aliiacha karatasi iwe theluji, lakini nyuma akatia dhahabu, na matokeo ni mazuri kupita kiasi, mazuri ya sebule ya tajiri. Hakuna anayehisi baridi mbele ya dhahabu. Yosa Buson, aliyefariki mwaka 1784 na ambaye pia alikuwa bingwa wa haiku, alitengeneza kitu kilicho karibu zaidi na sisi tunaoishi mjini: usiku wa theluji juu ya mapaa, paa baada ya paa baada ya paa, nyuma yake milima, juu mbingu nyeusi nzito, na hapa na pale mwanga hafifu wa manjano kwenye nyumba za watu ambao hawajalala. Hamna mtu hata mmoja anayeonekana. Huo nao ni mchoro wa kukaa nao usiku, hasa kama dirisha lako linatazama mapaa ya wenzako.

Lakini ndugu halisi wa Sesshu katika jambo hili alikuja miaka mia tatu baadaye, na ni Uragami Gyokudo. Alizaliwa mwaka 1745, upande ule ule wa Okayama, samurai mwenye kazi ya heshima. Alipenda muziki zaidi ya kazi. Alipiga qin, ala ya Kichina ya nyuzi saba, na hata jina lake la Gyokudo lilitokana na ala moja aliyoipata. Mwaka 1794, akikaribia miaka hamsini, aliacha cheo chake na kuondoka na wanawe wawili. Akazunguka nchi kwa miaka mingi, akipiga muziki, akinywa, akichora. Michoro yake bora ni ya uzeeni.

Mmoja wao una jina ambalo, kwa mara moja, Kiswahili kinalipokea vizuri kuliko lugha nyingine ninazozijua: Mawingu Yaliyoganda Yachekecha Theluji. Ndivyo herufi zake zinavyosema, kuchekecha, kama unga. Na ukiutazama unaona kwa nini. Hakuna shoka la Sesshu hapa. Kuna mapigo mafupi ya wino mkavu, mamia kwa mamia, yamesuguliwa na kurudiwa mpaka milima inaonekana kama kitu kilichokwaruzwa kutoka gizani, na rangi hafifu kidogo tu. Weupe umebaki kwenye mabega ya milima, na hewa yote ni chafu, nzito, imejaa. Kila kitu kinatetemeka. Kama Sesshu alibana pumzi, Gyokudo anapumua kwa nguvu, pumzi ya mtu aliyetembea sana na pengine aliyekunywa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mchoro huu ulinunuliwa na mwandishi Kawabata Yasunari, yule aliyepata Nobeli mwaka 1968, na ukabaki kwenye mkusanyo wake. Leo nao ni Hazina ya Taifa, kama huo wa Sesshu. Kwamba mtu aliyeandika riwaya iitwayo Nchi ya Theluji alichagua kuishi na theluji hii yenye hasira, badala ya ile ya dhahabu, kunaniambia mengi kuhusu alivyosoma.

Najua swali linalokuja, kwa sababu nimeshaulizwa na rafiki zangu, na si kwa upole: haya yote yanatuhusu nini? Mbona usiandike kuhusu wachoraji wa hapa? Naandika pia. Lakini swali lina dharau ndani yake ambayo sijaipenda, kana kwamba sisi tuna haki ya kutazama yale tu yaliyotoka kwenye udongo wetu, huku mtu wa London akiruhusiwa kuwa na maoni kuhusu Benin, Kyoto na Lamu kwa siku moja. Sesshu mwenyewe alijifunzia wino kwa Wachina waliokufa zaidi ya miaka mia mbili kabla yake, na milima mingi aliyoichora hakuikuta Yamaguchi. Macho hayana kitambulisho. Na kwa upande wa ujuzi, mchoro huu haudai digrii. Unadai dakika.

Kwa hiyo, kama utautafuta: tafuta picha yenye ubora wa juu, makumbusho ya Japani yameweka hazina zao mtandaoni bure. Usiitazame ikiwa ndogo kwanza. Vuta mpaka umpate mtu mwenye kofia, mkae naye kidogo, halafu panda taratibu, ukiruka pale panapohitaji kuruka, mpaka ufike kwenye mstari. Ndipo urudishe picha iwe nzima. Ongeza mwangaza wa skrini, la sivyo kijivu cha mbingu kitapotea na bila hicho theluji haipo.

Kuuona wenyewe ni suala lingine, hata kwa mwenye nauli ya Tokyo. Wino kwenye karatasi ya zamani hauvumilii mwanga kwa muda mrefu, kwa hiyo michoro ya aina hii hutundikwa kwa wiki chache tu, kisha hukunjwa na kurudishwa sandukuni. Siku nyingi za mwaka yule mtu yuko gizani, amekunjwa pamoja na genge lake, mguu mmoja mbele.